Mgongo Uliobaki Chini

Siku ya Jumanne, king'ora cha saa tisa kilipolia, mpiga drili wa njia ya sita alizima mashine yake, akaiegemeza ukutani, akafuta miwani kwa kidole gumba na kuanza kurudi kwenye lifti. Njia ya sita ina kimo cha futi nne. Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa ameifanyia kazi akiwa amejikunja, drili kifuani, kofia ikikwaruza mwamba, na kila siku alipofika penye lifti, ambapo paa liko juu, alisimama kidogo akajinyoosha. Kiuno kilikuwa kinalia ta-ta-ta, halafu mambo yanakaa sawa. Siku hiyo hakusikia kitu. Aliingia kwenye lifti pamoja na wenzake ishirini na wanne, akaegemea wavu, na lifti ikapanda.

Walipofika nusu ya safari, Mtalimbo aliyekuwa nyuma yake alimgusa bega.

"Bwana, umeacha mgongo."

Mpiga drili alipeleka mkono nyuma. Shati lilikuwepo, limelowa jasho, lakini ndani ya shati hapakuwa na kitu cha kushika.

"Kweli," alisema. "Utakuwa umebaki kwenye drili."

"Utakuwa huko huko."

Huyu Mtalimbo alikuwa mpakia mawe. Alikuwa mrefu kuliko watu wote wa mgodi ule, na kwa kuwa waliopanga kazi hawakuwahi kumwona akiwa amesimama, walimpa njia ya nane, yenye paa la chini kuliko zote, anakopakia mawe kwa koleo huku amepiga magoti tangu asubuhi mpaka king'ora. Alimshika mwenzake kwapani ili asikunjike, wakaendelea kupanda. Lifti ikishaanza kwenda juu hairudi, na mtu mwenye akili zake hawezi kuwasimamisha watu ishirini na wanne wenye njaa kwa ajili ya mgongo.

Juu, karibu na geti, kuna ubao. Kila anayeshuka hutundika kipande chake cha shaba chenye namba, na kila anayepanda hukichukua. Ubao ukiwa mtupu ndipo baruti inalipuliwa kule chini na geti linafunguliwa. Kikibaki kipande kimoja, hakuna anayetoka. Kuna fundi bomba aliwahi kusinzia chooni na kipande chake kikining'inia, watu themanini wakakaa getini mpaka jua likazama, na hadi leo fundi bomba huyo anaitwa Magharibi, hata na mkewe. Tangu hapo mikono ya watu imejifunza. Mtu anaweza kusahau kofia, akasahau kuaga, lakini kipande hasahau. Mpiga drili alipita mbele ya ubao akiwaza mgongo wake, na mkono ukanyanyuka wenyewe ukachukua namba 214. Karani wa ubao akaandika saa tisa na dakika ishirini. Baruti ikalia kwa chini, geti likafunguliwa, watu wakaenda makwao.

Mkewe alikuwa fundi cherehani, na jicho lake halikosei hata robo inchi. Alimwona mlangoni, akaondoa mguu kwenye pedali.

"Shati limekuwa kubwa," alisema. Akamgeuza. "Uko wapi?"

"Umebaki kazini."

"Na kesho utarudi nao?"

"Nitauliza."

Mwanamke alishusha vyombo kwenye kabati la zamani, akang'oa mbao mbili za rafu, akazivika vipande vya khaki ili zisichome, akamfunga nazo kutoka mabegani hadi kiunoni kwa utepe wa shuka. Alifanya kazi hiyo na pini mdomoni, kwa hiyo hawakuzungumza. Alipomaliza alirudi nyuma hatua mbili akamtazama.

"Usiiname," alisema. "Na usipige chafya."

Chumba cha ndani alikuwamo mama yake mpiga drili. Miguu ya mama ilikuwa imegoma kwa miaka minne sasa, lakini mdomo ulikuwa unafanya kazi vizuri sana. Nyumba ilikuwa ya mgodi, na dirisha la chumba hicho linatazama ukuta wa jirani kwa umbali wa mkono mmoja, hivyo jua halijawahi kuingia humo tangu nyumba ijengwe. Ndiyo sababu kila siku, akitoka zamu, mwanawe alinawa mikono, akachuchumaa kando ya kitanda, akamweka mgongoni, akapita naye kwenye korido nyembamba, akashuka ngazi tatu, akamkalisha kwenye benchi la uani. Pale mama aliota jua mpaka linapozama. Alikuwa mtu mzito na hakuona aibu ya uzito wake. Saa tisa na nusu alikuwa anajifunga kitambaa kichwani na kukaa mkao wa safari.

"Leo umechelewa, baba," alisema.

"Mama, leo sina mgongo."

Mama alimtazama, akazitazama zile mbao zilizochomoza kwenye kola.

"Sasa jua nitaliotaje?"

Kusema kweli ni swali hilo, wala si mgongo wenyewe, lililomnyima raha jioni ile.

Asubuhi alikwenda kwenye zahanati ya mgodi. Tabibu alikuwa kijana mpole mwenye fomu ndefu. Alimuuliza anaumwa wapi, naye akajibu mgongo. Maana ulikuwa unauma. Saa moja kamili, zamu ilipoanza, maumivu yalikuja mahali pale pale ulipokuwa, yakakaza kama kawaida yake.

"Tangu lini?"

"Mwaka wa tano huu. Nimekuja hapa mara nyingi. Ulikuwa unanipa dawa ya kuchua."

"Nakumbuka. Ulipona?"

"Hapana."

"Basi geuka niuone."

Akageuka. Tabibu alifunua shati, akagonga mbao kwa kifundo cha kidole.

"Mbao nzuri hizi."

"Za kabati."

"Tatizo langu ni fomu," alisema tabibu, na ilionekana kweli linamsumbua. "Inataka nieleze hali ya sehemu inayouma. Sehemu yenyewe haipo. Nikiandika kwamba kisichokuwepo kinauma, wataniona nimechanganyikiwa."

Alinyanyua simu, akauliza huko chini. Akaambiwa ndiyo, mgongo upo njia ya sita, uliwahi kabla ya watu wote, mafundi wameufungia drili kwa mkanda na tangu asubuhi umeshatoboa matundu kumi na manne. Mikono kwenye drili hushika tu. Kinachosukuma ni mgongo. Tabibu alishukuru, akakata simu, akaandika: Mgongo uko kazini. Unaweza kazi. Akagonga muhuri, akampa na dawa ya kuchua, chupa nzima.

"Nichue wapi?"

"Utakapoupata," alisema tabibu.

Kushuka kuufuata mwenyewe hakukuwezekana, kwa sababu hakuna anayeruhusiwa kushuka bila mgongo. Kilichobaki ni hati. Katika mgodi ule hata msumari hautoki getini bila hati, na hati inatolewa na msimamizi. Mke aliona mumewe atakwenda kule kusema "ndiyo bwana, sawa bwana" na kurudi mikono mitupu, kwa hiyo alifunika cherehani, akatia daftari lake la vipimo kwapani, wakaenda wote.

Msimamizi aliwapokea akiwa wima. Kiti kilikuwepo, tena kizuri, lakini hakukikalia. Alikuwa amepiga drili miaka kumi na mitano kabla ya kupandishwa cheo, na siku hizi kazi zote za mezani alizifanya amesimama, karatasi zikiwa juu ya kabati la mafaili. Aliwasikiliza mpaka mwisho. Halafu akafungua kitabu cha ubao.

"Namba 214, Jumanne, saa tisa na dakika ishirini. Kipande kilichukuliwa. Ulikichukua wewe?"

"Mkono ulichukua."

"Wako?"

"Wangu."

"Basi ulipanda mzima. Angalia, ndugu yangu, mimi sina ugomvi na wewe. Kama ungekuwa na mgongo chini, kipande kingekuwa kwenye ubao. Kingekuwa kwenye ubao, nisingelipua. Na nililipua. Kwa hiyo huko chini hakukuwa na chako. Ule mgongo tumeukuta tu."

Mke aliweka daftari juu ya kabati la mafaili.

"Mgongo huo ninaujua kuliko mwenyewe," alisema. "Nimemshonea mashati tangu hatujaoana. Mabega inchi kumi na tisa. Mwaka wa tatu wa kazi, bega la kulia limeshuka nusu inchi, nikapunguza shati. Mwaka wa tano, inchi nzima. Mwaka wa saba kiuno kimepinda kushoto, ikabidi upande mmoja wa pindo uwe mrefu. Mwaka jana nilianza kumshonea shati kama la mtu aliyeinama, kwa sababu alikuwa hanyooki tena. Tarehe zote zimo humo."

Msimamizi alisoma daftari ukurasa kwa ukurasa. Ilimchukua muda. Alipofika mwaka wa saba alipeleka mkono kwenye kiuno chake mwenyewe, akauacha hapo.

"Una mwandiko mzuri, mama," alisema hatimaye. "Lakini hivi ni vipimo vya mashati."

Akamrudishia kwa mikono miwili, kwa heshima kabisa. Mpiga drili aliambiwa akapumzike nyumbani hadi atakapopata mgongo. Walipofika kwenye kona ya kwao mkewe alisimama na kulia kidogo, kwa hasira, akajifuta, wakaendelea.

Wiki zikapita. Mtalimbo alikuwa anapitia kwao kila akitoka zamu, akiinama mara mbili ili apite mlangoni, na kutoa habari. Mgongo hujambo, alisema. Unafanya zamu mbili kwa sababu hauna wa kumwahi nyumbani. Baruti ikikaribia unajisogeza kwenye kishimo cha kujikinga, kanuni unazijua kuliko waajiriwa wapya. Kipande haujapewa, maana uko kwenye orodha ya vifaa, baina ya mikokoteni na mipira ya maji. Mpiga drili alimpa ile chupa ya dawa, na saa sita, wakati wa mapumziko, Mtalimbo alikuwa anakwenda kwa magoti hadi njia ya sita kuuchua. Nyumbani, mpiga drili akiwa ameegemea ukuta, alikuwa anahisi vidole vya rafiki yake vikipanda na kushuka. Alifumba macho. Hizo zilikuwa dakika kumi alizozisubiri siku nzima.

"Na wewe magoti vipi?" alimuuliza siku moja.

"Yapo," alisema Mtalimbo. "Yanalia kama mlango, lakini yapo."

Kwa mama hali haikuwa nzuri. Mwanzoni mke na jirani walimbeba kwenye kiti, mmoja mbele mmoja nyuma. Siku ya kwanza alipita. Siku ya pili kiti kilikwama koridoni, mguu wake ukagonga fremu ya mlango na kuvimba, na mama akasema imetosha, hataki kuhamishwa kama sofa. Aliendelea kujifunga kitambaa saa tisa na nusu, akikaa kitandani akisikiliza sauti za uani. Ngozi yake ikapauka, akaanza kuona baridi mchana.

"Nimekuwa kiazi cha stoo," aliwaambia. "Mtaona, nitachipua."

Walicheka wote watatu, isipokuwa mpiga drili alicheka kidogo kwa ajili ya mbao. Lakini wiki ya tisa, saa tisa na nusu ilifika na mama hakujifunga kitambaa. Kilikuwa pale kwenye mto, kimekunjwa. Mpiga drili alikiona kutoka mlangoni. Aliona afadhali angegombezwa. Alisimama pale akiwa na mikono yake, miguu yake na kifua chake, vyote vizima, na hakuweza kumnyanyua mama yake.

Mwezi wa tatu bila mgongo, Jumamosi asubuhi, gari la mgodi lilisimama nje. Dereva alishuka na karatasi, akafungua nyuma. Katikati ya mifuko mitupu ya saruji kulikuwa na kitu kimefungwa kwenye gunia.

"Umepunguza kasi," alieleza dereva. "Matundu nane kwa zamu, halafu saba. Wakasema uondolewe kwenye orodha."

Karatasi iliandikwa: Mgongo mmoja, umechakaa. Uliokotwa mgodini, mwenyewe hajulikani. Umetolewa kwa 214 kama msaada. Chini yake kulikuwa na mstari unaosema kwamba mpokeaji anakiri alipanda mzima siku ile ya Jumanne, hakuumia kazini, na hatakuja kudai lolote. Halafu nafasi ya sahihi.

Mke alisoma akiwa na mkasi mkononi.

"Usitie sahihi," alisema. "Wanakupa mgongo wako mwenyewe kama msaada. Usitie."

"Asipotia, naurudisha," alisema dereva. "Si mimi. Ndivyo nilivyoambiwa."

Mpiga drili aliyaona yote hayo, hakuwa mjinga. Alijua kwamba sahihi moja ingefuta miaka kumi na mmoja na daftari zima la mkewe. Lakini mlango wa ndani ulikuwa wazi, na kutoka pale aliposimama alikiona kile kitambaa kwenye mto. Aliomba kalamu.

Mke hakumlaumu. Alivuta pumzi, akafungua gunia mezani, akapangusa vumbi la mwamba kwa kitambaa kibichi. Akachukua futi kamba, akapima kwa mazoea, akaandika kwenye daftari. Kisha alimfungua mbao, akamshonea mgongo wake kwa uzi wa kushonea maturubai, ule wa njano kwa kuwa mweusi ulikuwa umekwisha. Kazi ilichukua saa nzima. Mishono ilikaa vizuri sana.

Aliposimama aligonga kichwa kwenye ukingo wa meza. Mgongo haukunyooka. Miezi mitatu peke yake katika njia ya futi nne ulikuwa umezoea kimo kile, na hapo ulipofika ndipo ulipokoma. Tena ulikuwa unatetemeka, kwa sababu ilikuwa saa nne asubuhi na zamu haikuwa imeisha. Vikombe kabatini vililia taratibu.

Aliingia chumba cha ndani akiwa amejipinda hivyo hivyo.

"Mama, jifunge kitambaa."

Mama alinyoosha mkono kwenye mto. Akakunjua kitambaa, akajifunga, akakaza fundo.

Mpiga drili hakuhitaji kuchuchumaa sana. Mgongo ulikuwa tayari uko usawa wa kitanda. Mama alijilaza juu yake, wakatoka polepole, korido, ngazi ya kwanza, ya pili, ya tatu.

"Mbona unanitikisa?" aliuliza mama sikioni kwake.

"Si mimi, mama. Ni kazi. Itaacha saa tisa."

Uani kulikuwa na jua kali. Mama alinyanyua uso, akafumba macho, akasema jamani, jamani, kwa sauti ya chini. Mwanawe hakuliona jua, kwa jinsi alivyokuwa ameinama. Aliona saruji, siafu wachache na vidole vya miguu yake. Alikuwa na furaha, na alikuwa na uchungu, na vyote viwili vilikuwa vizito sawa na mama. Alimkalisha kwenye benchi, akasimama pembeni akitetemeka.

Jumatatu alirudi kazini. Alikuwa na mgongo, kwa hiyo hapakuwa na sababu ya kukaa nyumbani, na tabibu alifurahi kwamba fomu haikuhitaji kubadilishwa. Njia ya sita ilimkaa vizuri kuliko zamani, maana hakuhitaji tena kujikunja. Kila siku king'ora kilipolia mgongo ulitulia, akapanda, akachukua kipande, akaenda kumtoa mama nje.

Wiki ya pili, siku ya Alhamisi, lifti ikiwa nusu ya safari, alihisi mkono mzito umemwangukia begani. Ulikuwa wa Mtalimbo. Mpiga drili, ambaye siku hizi anatazama chini tu, ndiye aliyeona kwanza: suruali ya rafiki yake ilikuwa imelegea kati ya mapaja na miundi.

"Bwana, umeacha magoti," alisema.

Mtalimbo alijipapasa. "Kweli."

"Nisikilize vizuri. Kipande usichukue."

"Sawa."

"Mkono ukinyanyuka, ushike kwa mkono mwingine."

"Nimeelewa."

Juu walimbeba wawili, wakapita mbele ya ubao, na Mtalimbo akaushika mkono wake wa kulia kwa wa kushoto kama alivyoambiwa. Namba 176 ikabaki inaning'inia peke yake. Karani aliitazama, akautazama msururu, akaweka kalamu chini. Msimamizi akaitwa, akaja, akasimama. Hakuna aliyefoka. Kanuni zilijulikana. Watu themanini waliketi chini mbele ya geti lililofungwa, na wa kwanza kukohoa alikuwa Magharibi.

Saa kumi ikapita. Saa kumi na nusu. Mmoja alikuwa na mtoto wa kumchukua shuleni, mwingine dawa za mkewe. Walisema hivyo kwa sauti za kawaida, bila kumtaja mtu. Mpiga drili aliliona jua kwenye saruji, mbele ya viatu vyake, likisogea. Lilipofika kwenye mguu wa ubao alijua mama ameshajifunga kitambaa muda mrefu. Lilipoanza kupanda ukutani aliacha kuliangalia.

Mtalimbo alikuwa ameegemezwa kando yake, miguu imenyooshwa, mkono mmoja umeushika mwenzake.

"Kichukue, bwana," alisema polepole. "Watu wana makwao."

"Ngoja kidogo."

"Mimi nimeshashikwa na ganzi. Kichukue wewe."

Mpiga drili alisimama kadiri alivyoweza kusimama, akaenda kwenye ubao. Vipande vya chini ndivyo alivyovifikia siku hizi, na 176 ilikuwa safu ya juu. Msimamizi alimwona anavyohangaika, akakiondoa kwenye msumari na kumkabidhi. Mpiga drili akakitia kwenye mfuko wa shati la Mtalimbo, akafunga kifungo. Karani akaandika saa kumi na moja na dakika tano. Baruti ikalia, geti likafunguliwa.

Alifika nyumbani jua likiwa limebaki kipande chembamba juu ya ukuta wa uani. Alinawa mikono. Mama alikuwa amekaa kitandani, kitambaa kichwani, mkoba mapajani.

"Leo umechelewa, baba."

"Kulikuwa na foleni kwenye ubao," alisema, akamgeuzia mgongo ili apande.